Kisukari kwa vijana: uhusiano na wahudumu na ufuasi wa tiba (Opala)

Ufuasi wa tiba ni kadiri mgonjwa anavyotumia dawa, anavyokula na anavyojipima kulingana na yale aliyokubaliana na mhudumu wa afya. Kwa vijana wenye kisukari cha aina ya 1, ambao miili yao haitengenezi insulini ya kutosha, kuacha sindano hata kwa siku chache huweza kuleta asidi ya ketoni katika damu, kupoteza fahamu na kifo.

Mazingira

Opala ni makao makuu ya teritware yenye jina hilo, kando ya mto Lomami, kusini-magharibi mwa Kisangani, mkoani Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kliniki za Chuo Kikuu ziko Kisangani, safari ndefu ya msituni. Katika mfumo wa Kongo, kila ukanda wa afya una hospitali kuu ya rufaa na vituo vinavyoongozwa na wauguzi. Mara nyingi muuguzi ndiye anayemjua kijana na wazazi wake. Insulini isiyofunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Pasipo friji, chungu cha udongo kinacholoweshwa maji huipunguzia joto.

Daftari la vipimo

Hali ya uhusiano kati ya kijana na mhudumu huonekana katika daftari ambamo kijana huandika vipimo vyake vya sukari. Namba zilizonyooka mno, zote kwa kalamu moja, huenda zimeandikwa asubuhi ya siku ya kliniki. Kijana anayegombezwa kila sukari ikipanda huandika namba za kumridhisha muuguzi, na dozi hupangwa juu ya uongo. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, lakini hakisemi sababu: stripu za kupimia zimeisha, nauli imekosekana, hakuna chakula na anaogopa sukari kushuka, au ameambiwa maombi yamemponya. Sababu hizo hutajwa na kijana asiyeogopa. Kumuuliza ni sindano ngapi zilimpita wiki hii hufungua mazungumzo kuliko kumuuliza kwa nini hakujichoma. Ushauri wa lishe nao hushikika ukitaja kiasi cha lituma (ndizi za kupondwa) au fufu anachokula nyumbani.

Mipango ya msaada

Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009, ulijumuisha Kongo katika kutoa insulini bure na kufundisha wahudumu. Mwaka 2022 nchi za Afrika katika WHO zilipitisha mkakati wa PEN-Plus, unaopeleka matibabu ya aina ya 1 kwenye hospitali za ngazi ya wilaya, ili kijana wa mbali atibiwe na mhudumu anayekutana naye mara kwa mara.