Kununua ndege si kazi, kazi ni kuitunza

WAHENGA walinena kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo inamfaa sana mtu anayemiliki ndege ndogo ya kibinafsi, kwani pesa alizotoa siku ya kuinunua huwa ni mwanzo tu wa safari ndefu ya gharama, uangalifu na subira.

Kati ya ndege ndogo zote, Cessna 172 yenye injini moja na viti vinne ndiyo iliyoundwa kwa wingi zaidi duniani. Zaidi ya ndege 44,000 za aina hiyo zimetengenezwa tangu mwaka wa 1956. Huonekana katika Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi na katika viwanja vidogo vya mashambani na Pwani, na ndiyo tutakayoitumia kama mfano katika makala haya.

Hata hivyo, kiwanda cha Cessna kilisitisha uundaji wa ndege hizo mwaka wa 1986 na kukaa takriban miaka 10 kabla ya kuurejelea. Kwa sababu hiyo, nyingi ya zile zinazouzwa kwa bei nafuu zina umri wa miaka 40 au zaidi. Mwenye ndege kama hiyo hukabiliwa na swali moja kila mwaka: fedha zilizopo zitengeneze nini kwanza?

Ratiba ya ukaguzi

Ukaguzi wa kwanza ni wa rubani mwenyewe, kabla ya kila safari. Huizunguka ndege akitazama mabawa, magurudumu, breki na propela, au rafadha kama waiitavyo wataalamu wa lugha. Kisha huchota mafuta kidogo chini ya kila tangi na kuyatia katika chupa inayopenyeza mwanga.

Petroli ya ndege iitwayo Avgas 100LL hutiwa rangi ya buluu ili itambulike kwa urahisi. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutuama chini na kuonekana wazi. Rubani akipuuza jambo hili dogo, injini yaweza kuzimika punde tu baada ya kupaa, wakati ambapo hana nafasi ya kuchagua mahali pa kutua.

Ukaguzi wa pili hutegemea saa za kuruka. Kampuni ya Lycoming, ambayo injini zake zimo katika sehemu kubwa ya ndege hizi, hupendekeza oili na chujio lake zibadilishwe kila baada ya saa 50 au miezi minne, kutegemea kitakachotangulia. Fundi mwangalifu halitupi chujio la zamani. Hulikata na kulitandaza akitafuta chembe za chuma, kwa maana chembe hizo ni dalili kwamba kuna sehemu ndani ya injini inayolika.

Baada ya saa 100, na katika ukaguzi mkuu wa kila mwaka, vifuniko vya mabawa na kiwiliwili hufunguliwa. Nyaya zinazovuta usukani wa mkia na mabawa hukaguliwa moja baada ya nyingine. Kila silinda hupimwa uwezo wa kuzuia hewa kwa kusukumiwa shinikizo la pauni 80 kwa kila inchi mraba. Silinda inayosoma 75 ina afya nzuri, ilhali ile iliyoshuka hadi karibu na 60 humlazimu fundi kutafuta mahali hewa inapotorokea.

Kipimo hicho kina uzito wa pekee kwa ndege za Nairobi. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake hapo, hata ikiwa mpya. Silinda dhaifu inayovumiliwa Malindi yaweza kuwa hatari Nairobi, hasa wakati wa joto la mchana ndege ikiwa imejaza abiria.

Mbali na hayo, kuna magneto, yaani mitambo miwili inayozalisha umeme wa plagi. Kila silinda ina plagi mbili, na kila plagi hupata umeme kutoka kwa magneto yake, ili moja ikifa nyingine iendelee. Kwa kawaida magneto hufunguliwa na kukaguliwa kila baada ya saa 500.

Hatimaye huja ukarabati kamili wa injini. Kwa injini nyingi za Cessna 172, Lycoming hupendekeza ufanywe baada ya saa 2,000 au miaka 12.

Adui anayeitwa kutu

Wengi hudhani kuwa ndege isiyoruka haichakai. Ukweli ni kinyume cha hayo. Katika injini za Lycoming, shafti inayofungua na kufunga vali iko juu. Ndege ikikaa bila kuruka, oili huteremka na kuiacha shafti hiyo ikiwa wazi kwa unyevu. Kutu huanza, na injini inapowashwa tena, vidonda vile vidogo hugeuka kuwa mmomonyoko wa chuma.

Kuiwasha injini dakika chache ndege ikiwa imeegeshwa hakusaidii. Oili haipati joto la kutosha kuukausha unyevu, na isitoshe, uchomaji wa mafuta wenyewe huzalisha maji. Dawa ni kuiruka ndege mara kwa mara, kwa muda wa kutosha oili kupata moto sawasawa. Iwapo ndege itakaa zaidi ya mwezi mmoja, injini yafaa kutiwa oili maalumu ya kuihifadhi.

Katika Pwani, chumvi ya bahari huongeza madhara hayo. Huingia katika viungo vya mabati ya aluminiamu na kuyala kutoka ndani, huku rangi ya nje ingali inang'aa. Ndege inayokaa Ukunda au Lamu huhitaji kuoshwa kwa maji baridi mara nyingi zaidi na kupakwa dawa ya kuzuia kutu ndani ya mabawa.

Bara nako kuna vumbi na changarawe. Kokoto moja ya uwanja wa murram ikiupiga ukingo wa propela huacha alama ndogo kama ya jino. Alama hiyo isiposawazishwa kwa tupa na fundi anayejua kipimo kinachoruhusiwa, huweza kuwa chanzo cha ufa, na kipande cha propela kikikatika angani injini hutikisika kiasi cha kung'oka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Daftari lina thamani ya ndege

Kila ndege huwa na madaftari ya kumbukumbu ya kiwiliwili, injini na propela. Humo huandikwa saa zilizorukwa, kilichokaguliwa, kilichobadilishwa na sahihi ya mhandisi aliyeidhinisha kazi. Ndege iliyopoteza madaftari yake hushuka thamani, kwani hakuna awezaye kuthibitisha umri wa vipuri vyake.

Madaftari hayo pia huonyesha kama maagizo ya lazima ya usalama yametekelezwa. Mfano maarufu ni wa reli za viti vya Cessna. Matundu ya reli yakilika, kiti huweza kuteleza nyuma ndege inapopaa. Rubani, akiwa ameshikilia usukani, huuvuta bila kukusudia na pua ya ndege huinuka kupita kiasi. Mamlaka ya usafiri wa ndege ya Marekani ilitoa agizo kuhusu reli hizo mwaka wa 1987 na kulifanyia marekebisho mwaka wa 2011, ikitaka zikaguliwe kila baada ya saa 100 au miezi 12. Reli hiyo si kifaa cha gharama kubwa, lakini imegharimu maisha.

Fundi hutia sahihi ya kazi aliyoifanya, lakini jukumu la kuhakikisha kwamba ndege inafaa kuruka humwangukia mwenyewe. Nchini Kenya, ndege za kiraia huwa na namba inayoanza kwa 5Y, na usimamizi wake umo mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA).

Kuboresha kwa mpangilio

Mmiliki anapotaka kuongeza kifaa kipya, hawezi kukifunga apendavyo kama redio ya matatu. Kifaa lazima kiwe kimeidhinishwa kwa aina hiyo ya ndege, kifungwe na mwenye leseni, na uzito wa ndege pamoja na kitovu cha mizani yake uhesabiwe upya. Bila hati hizo, cheti cha ndege hupoteza uhalali, na bima huweza kukataa kulipa.

La kwanza kuangaliwa ni kifaa kinachotoa mawimbi ya dharura baada ya ajali. Tangu Februari 1, 2009 setilaiti za uokoaji ziliacha kusikiliza masafa ya 121.5 MHz. Ndege yenye kifaa cha kale pekee ikianguka porini, setilaiti hazitaisikia. Kifaa cha 406 MHz ndicho kinachosikika, na baadhi yake hutaja hata mahali ndege ilipo.

La pili ni mikanda ya mabega, ambayo ndege nyingi za zamani ziliundwa bila kuwa nayo. La tatu ni kipimo cha kielektroniki kinachoonyesha joto la kila silinda, ambacho humwonya rubani mapema kabla vali haijaungua. Baada ya hapo ndipo zifuatazo saa za kielektroniki za kuonyesha mwelekeo na mwinamo wa ndege, badala ya zile zinazotegemea pampu ya hewa.

Wapo wanaobadilisha injini nzima na kufunga ya dizeli inayotumia Jet A-1, mafuta yanayopatikana katika viwanja vingi kuliko Avgas. Ni hatua yenye faida, ila inahitaji tahadhari. Kampuni ya Thielert ya Ujerumani, iliyotangulia katika soko hilo, ilifilisika mwaka wa 2008 na kuwaacha wateja wakihangaikia vipuri na dhamana. Kabla ya kununua teknolojia mpya, uliza nani atakuuzia vipuri miaka 10 ijayo.

Mfuko wa akiba

Njia bora ya kuepuka mshtuko ni kuweka akiba kwa kila saa ya kuruka. Tuseme ukarabati wa injini utagharimu Sh4 milioni baada ya saa 2,000. Hiyo ni Sh2,000 kwa kila saa. Lakini anayeruka saa 50 kwa mwaka atafikisha miaka 12 akiwa na saa 600 na akiba ya Sh1.2 milioni pekee. Huyo yafaa ahesabu kwa miaka, si kwa saa.

Kwa anayepania kununua, ushauri ni mmoja. Aombe madaftari kabla ya kuitazama rangi, na amlipe mhandisi asiye na uhusiano na muuzaji ili aikague. Akiona skrini mpya zinazometameta mbele ya injini isiyobadilishwa oili kwa mwaka mzima, ajue kwamba mwenye ndege alianzia mwisho.