Waliopakwa Rangi

Oktoba 1938, katika studio za MGM huko California, mwigizaji Buddy Ebsen alikuwa akiketi kila asubuhi mbele ya wapambaji ili wamgeuze mtu wa bati. Walimpaka kwanza rangi nyeupe, kisha wakampulizia unga wa aluminiamu mpaka uso ukang'aa kama sufuria mpya. Filamu yenyewe ilikuwa The Wizard of Oz. Baada ya takriban siku 10 misuli ya mikono ilianza kumkakamaa, ikafuata ya miguu, na usiku mmoja akashindwa kuvuta pumzi. Unga ule alikuwa akiuvuta siku zote hizo, na ulikuwa umemjaa mapafuni. Alikimbizwa hospitali, akawekewa mashine ya kumsaidia kupumua. Studio ikatafuta mtu mwingine.

Aliyepatikana ni Jack Haley, na hakuna aliyemweleza yaliyomfika mwenzake. Safari hii wapambaji waliukoroga unga ukawa krimu nzito ili usipeperuke. Mapafu ya Haley yakasalimika, lakini rangi ilimwingia machoni, akaugua na kukosa kazi siku kadhaa.

Katika filamu hiyohiyo Margaret Hamilton, aliyeigiza mchawi, alipakwa kijani chenye shaba ndani yake. Tarehe 23 Desemba 1938 moto wa kiini macho uliwaka kabla hajashuka chini ya jukwaa, ukamuunguza uso na mkono. Waliokuwa naye walijua kuwa shaba haifai kubaki juu ya kidonda, kwa hiyo rangi ikasuguliwa na kuondolewa juu ya ngozi iliyokwisha kuungua. Alikaa nje ya kazi kwa takriban wiki 6. Aliporudi alikataa katakata kufanya tena onyesho lolote lenye moto, na alikuwa na haki.

Watu watatu waliumia wakiwa wamepakwa rangi katika filamu moja. Nimeanza na mkasa huu kwa sababu historia ya kuchora mwili kwa ajili ya kamera na jukwaa huandikwa kwa kumsifu mchoraji na picha yake. Aliyebeba rangi ile mwilini, saa baada ya saa, hutajwa mwishoni au hatajwi kabisa.

Kazi ya rangi yenyewe ni ya zamani mno, na Afrika Mashariki ina sehemu yake. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa wakichimba Olorgesailie, kusini mwa Kenya, walitangaza kuwa wamepata mawe ya rangi nyekundu na nyeusi yaliyoletwa pale na binadamu wa takriban miaka 300,000 iliyopita. Mengine yalikuwa yamekwanguliwa ili kutoa unga. Mpaka leo Wamaasai hupaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, na Wahimba wa Namibia hufanya vivyo hivyo kwa siagi. Haya ni mambo yaliyojaribiwa na vizazi. Sitaki kudai kwamba kila cha asili ni salama, maana wanja wa manga uliosagwa kutoka jiwe la galena una madini ya risasi ndani yake, na risasi ni sumu. Ila studio za Hollywood zilifanya jambo jipya kabisa: zilichukua unga wa kiwandani ambao haukuwahi kutengenezwa kwa ajili ya ngozi, zikaujaribu moja kwa moja kwenye uso wa mtu anayelipwa mshahara.

Na sheria je? Sheria ya Marekani ya mwaka 1906 ilihusu vyakula na dawa, vipodozi haikuvigusa. Kilichobadilisha mambo ni macho ya wanawake. Mwaka 1933 ilikuwapo sokoni rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na kemikali ya kutia weusi iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Wanawake walivimba nyuso, wengine wakapofuka. Picha za mmoja wao, kabla na baada ya kutumia rangi hiyo, zilionyeshwa hadharani na maofisa wa serikali waliokuwa wakipigania sheria mpya. Rais Franklin Roosevelt aliitia saini Juni 1938, miezi minne tu kabla ya Ebsen kupulizwa aluminiamu. Msomaji alishike jina hilo la PPD, kwani tutakutana nalo tena karibu na nyumbani.

Miaka 26 baadaye ikaja picha ambayo pengine ndiyo maarufu kuliko zote za mwili uliopakwa rangi. Katika Goldfinger ya mwaka 1964, filamu ya tatu ya James Bond, Shirley Eaton analala kitandani akiwa amefunikwa dhahabu kutoka utosini hadi vidoleni, mfu. Bond anaeleza kuwa ngozi ilikosa hewa. Mpambaji Paul Rabiger alimpaka kwa brashi katika studio za Pinewood, Uingereza, na wenye filamu waliiamini hadithi yao wenyewe kiasi kwamba waliacha sehemu ndogo ya tumbo bila rangi na kumweka daktari karibu. Novemba mwaka huo Eaton alitokea kwenye jalada la jarida la Life akiwa na dhahabu yake. Uvumi ukaenea duniani kwamba alikufa wakati wa kupiga picha. Hakufa, aliishi na kuzeeka.

Uvumi huo bado upo, hata huku kwetu nimeusikia ukisimuliwa kama jambo la kweli. Binadamu hupumua kwa mapafu, si kwa ngozi. Mwili uliozibwa wote hupata taabu nyingine: jasho halitoki vizuri, joto linabaki ndani, na mtu akikaa hivyo saa nyingi chini ya taa kali anaweza kuzidiwa. Hatari iliyotisha watu katika Goldfinger ilikuwa ya kubuni, ilhali ile iliyomlaza Ebsen ilikuwa ya kweli na haikuingia kwenye hadithi yoyote. Dhahabu ya siku hizi, kwa bahati njema, mara nyingi haina chuma cha unga. Mng'ao wake hutokana na ulanga, madini yaleyale yaliyowahi kuchimbwa milima ya Uluguru, yakiwa yamevikwa tabaka jembamba la rangi.

Jukwaa la moja kwa moja lina mahitaji yake. Kamera inaweza kusimama, mpambaji akarekebisha, lakini mbele ya hadhira jasho halisubiri. Keith Haring, mchoraji wa New York aliyeanza kwa kuchora kwa chaki ndani ya vituo vya treni za chini ya ardhi, alimpaka mwanamuziki Grace Jones mistari myeupe mwili mzima mwaka 1984, Robert Mapplethorpe akapiga picha. Mwaka uliofuata Jones alipanda jukwaani akiwa na michoro kama hiyo katika klabu ya Paradise Garage, na mwaka 1986 Haring alimchora tena kwa filamu ya Vamp. Kwangu mimi hapo ndipo mambo yalipogeuka. Jones hakulala kitandani akiwa maiti ya dhahabu. Alicheza, na mistari ikacheza naye. Ukimwondoa yeye, michoro ile haina maana.

Tangu hapo ufundi umekua haraka. Rangi inayokorogwa kwa maji hutumika kwenye matamasha na harusi kwa kuwa hutoka kwa sabuni. Ile ya alkoholi hushika ngozi hata mtu akitoka jasho, ndiyo maana wapambaji wa filamu huipenda, ila kuiondoa kunahitaji mafuta maalumu na subira. Bomba la kupulizia hutandaza tabaka jembamba lisilo na alama za brashi. Kila hatua hupigwa picha, ili kesho alfajiri alama ya shavuni irudi palepale ilipokuwa jana.

Subira hiyo anayo zaidi anayepakwa. Rebecca Romijn, aliyeigiza Mystique katika X-Men ya mwaka 2000, alisimama takriban saa 8 au 9 akipakwa buluu na kubandikwa vipande vya silikoni kabla ya kuanza kazi. Jennifer Lawrence aliirithi nafasi hiyo mwaka 2011, ngozi yake ikalalamika, na katika filamu iliyofuata ya mwaka 2014 akatengenezewa vazi la kufunika sehemu kubwa ya mwili ili kupunguza rangi. Hayo ni maendeleo makubwa kuliko ujanja wowote wa kompyuta: mtu alisema anaumia, na watengenezaji wakabadilisha njia.

Wachoraji wenyewe nao walisubiri muda mrefu kutambuliwa. Tuzo za Oscar hazikuwa na kipengele cha kudumu cha meikapu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1998 tamasha la dunia la kuchora miili lilianza Seeboden, Austria, na limewakutanisha wachoraji wa mataifa mengi. Mwaka 2011 Emma Hack wa Australia alimchora mwanamuziki Gotye na mwenzake Kimbra wakazama kabisa ndani ya ukuta wa nyuma yao, kwa video iliyopigwa kwa zaidi ya saa 23. Na mwaka 2016 wachezaji wa Beyoncé walionekana ndani ya basi katika Lemonade wakiwa na michoro myeupe ya Kiyoruba, kazi ya Laolu Senbanjo, mwanasheria wa haki za binadamu aliyehama Nigeria kwenda New York mwaka 2013. Dunia ilimjua kwa jina siku hiyo, si kama fundi wa nyuma ya pazia. Nilifurahi sana kuona nakshi za Afrika zikisimama hapo zikiwa na mwenyewe.

Sasa turudi pwani. Huku kwetu wachoraji mwili tunao tangu enzi, nao ni wapaka hina. Kila usiku wa hina Unguja, Lamu au Mombasa ni kazi ya sanaa inayofanywa mbele ya watu. Lakini haraka imeingia. Hina ya majani hukaa mkononi kwa saa kadhaa na hutoa rangi ya chungwa inayokolea kuwa kahawia. Wateja wanataka nyeusi, na waitaka sasa hivi, hasa watalii ufukweni. Kwa hiyo unga wa kutia nywele weusi hukorogwa na kuchorwa ngozini, ndiyo piko. Ndani ya unga huo mna PPD, ileile ya Lash Lure. Ulaya hairuhusu izidi asilimia 2 hata kwenye nywele, lakini vipimo vya hina nyeusi za aina hiyo vimewahi kukuta zaidi ya asilimia 10. Wengine huishia na malengelenge yanayofuata mstari wa ua lililochorwa, na mwili ukishaikataa PPD mara moja, huikataa maisha yote.

Basi bibi harusi, mcheza shoo, na wewe mwigizaji unayeitwa alfajiri kupakwa rangi ya video ya wimbo, ulizeni kilichomo ndani ya kopo kabla brashi haijagusa ngozi. Mwombeni fundi apake doa dogo mkononi siku 2 kabla. Akiwaambia kuwa hina yake hutoa weusi wa makaa ndani ya saa moja, inukeni mwende kwa fundi mwingine. Watoto wasipakwe hina nyeusi kabisa.