Ajali ya ndege ya Michael Grzimek (1959)

Ajali hii ilitokea Tanganyika tarehe 10 Januari 1959, ndege ndogo aina ya Dornier Do 27 ilipogongana angani na tumbusi. Rubani, Mjerumani Michael Grzimek mwenye umri wa miaka 24, alikuwa peke yake ndani. Hakupona.

Ndege hiyo ilipakwa milia kama ya punda milia, na milia ndiyo inayokumbukwa na wengi, ingawa haielezi lolote kuhusu ajali yenyewe. Michael na baba yake Bernhard, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, waliirusha wenyewe kutoka Ujerumani mwishoni mwa 1957. Wakati huo serikali ya Waingereza ilikusudia kubadili mipaka ya Hifadhi ya Serengeti bila kujua kwa hakika nyumbu huhamia wapi. Mwaka 1958 baba na mwana wakahesabu wanyama kutoka angani, wakiruka chini chini, ukanda kwa ukanda, hadi wakapata karibu 367,000.

Do 27 iliifaa kazi hiyo. Mabawa yake yako juu ya chumba cha rubani, hivyo hayamzuii anayetazama ardhini, nayo huridhika na kiwanja kifupi cha nyasi.

Tumbusi aligonga bawa la kulia. Bawa likabonyea, nyaya za kuongozea ndege zikakwama, na ndege ikaporomoka kichwa chini. Kwa rubani, hilo ni baya kuliko injini kuzimika. Injini ikizimika, ndege bado huteleza hewani na kutafuta pa kutua. Nyaya zikikwama, usukani haufai kitu.

Mashariki mwa nyanda za Serengeti, kwenye korongo la Ol Karien, tumbusi wa Rüppell huzaliana majabalini. Jua likishapasha ardhi, hupanda na hewa ya moto wakizunguka bila kupiga mbawa. Macho yao huona mbali mno, lakini tumbusi anapoinamisha kichwa kutafuta mzoga, nafasi iliyo mbele yake haioni. Tarehe 29 Novemba 1973, tumbusi mmoja wa aina hiyo aligongana na ndege ya abiria juu ya jiji la Abidjan, Afrika Magharibi, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi. Injini moja iliharibika, lakini ndege ilitua salama: ilikuwa na injini nyingine, na anga tele chini yake. Arukaye peke yake karibu na ardhi hana akiba hiyo.

Filamu ya akina Grzimek kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Iliwavutia watazamaji wa Ulaya kwa picha ya nyika isiyo na watu, picha ambayo Wamasai, walioondolewa Serengeti mwaka 1959, wana haki ya kuipinga. Mwaka huohuo Ngorongoro ilitengwa na hifadhi. Michael alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na majivu ya baba yake, aliyefariki 1987, yakawekwa hapohapo.

Hatari yenyewe haijaisha. Kanuni za Marekani huitaka hata ndege kubwa ya abiria iwe na kioo cha mbele kinachohimili kugongwa na ndege wa porini wa kilo 1.8. Tumbusi wa Rüppell aliyekomaa hufikia kilo 7 na zaidi.