Tarehe ya Kombe la Usiku

Upande wa Port Botany, bandari ya makontena kusini mwa Sydney, ni upande wa watu wa raga, na timu yao ni Rabbitohs. Mpira wa Kiaustralia, ule wa wachezaji 18 kila upande na goli la pointi sita, haukuwa na timu ya ligi kuu jijini hadi 1982, South Melbourne ilipolemewa na madeni ikahamishwa kutoka Victoria. Haikuja mikono mitupu. Wachezaji walikuwa bado wanaishi Melbourne na kupanda ndege kwenda kucheza Sydney, lakini mwaka huohuo waliifunga North Melbourne katika fainali na kutwaa Kombe la Usiku.

Kombe hilo lilianza 1956. Timu nne za juu za ligi ya Victoria zilikwenda kugombea ubingwa. Nane zilizobaki zikakutana usiku, chini ya taa za Lake Oval, nyumbani kwa South Melbourne. Wenyeji walilichukua mwaka ule, wakalichukua tena 1957 na 1960. St Kilda walishinda 1958, Fitzroy 1959, Geelong 1961, Richmond 1962. Kisha wakaja Footscray, timu ya vitongoji vya wafanyakazi magharibi mwa Melbourne, wakashinda mara nne: 1963, 1964, 1967 na 1970. North Melbourne walipata 1965 na 1966, Hawthorn 1968 na 1969, Melbourne 1971. Hapo likasimama. Lilipofufuliwa 1977, Hawthorn walilibeba.

Kuliita kombe la walioshindwa ni kuwadhulumu mashabiki. South Melbourne walikuwa mabingwa wa ligi 1933, wasiuone tena ubingwa hadi 2005, wakiwa tayari Sydney Swans. Ni miaka 72. Aliyezaliwa na kuzeeka katika muda huo, cha kushangilia alikipata usiku.

Tangu 1988 mashindano ya namna hii yalichezwa kabla ya msimu, na Swans hawakuyashinda hata mara moja. Brisbane Lions ndio waliofunga orodha, 2013. Mwaka huo Swans walimsajili Aliir Aliir, beki aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya. Mwaka 2016 walifika fainali ya ligi, naye akaikosa kwa jeraha la goti. Waliowafunga, pointi 89 kwa 67, ni Footscray walewale, sasa Western Bulldogs, waliokuwa wakiungoja ubingwa tangu 1954.