Kuku, majivu na tududu twa usiku

Tunapoongea juu ya mila za wazee wetu, watu wengi wanawaza paka ngoma, mahari na matanga. Lakini mila iko pia ndani ya nyumba ya kuku. Hapa tunataka kufuata historia ya adui mudogo sana, yule anayenyonya damu ya kuku usiku, na ginsi watu wa Katanga walivyopigana naye tangu kijiji mpaka lupangu ya Lubumbashi. Si jambo la kuchekelea. Kuku mu lupangu ni minervali ya mutoto, ni dawa siku ya homa, ni heshima ya mugeni.

1. Kuku na nyumba yake ya zamani

Kuku si nyama ya kwetu tangu mwanzo. Ilitoka Asia ya kusini-mashariki, fasi ndugu yake wa pori angali anaishi mu misitu. Ilipita inchi kwa inchi mpaka ikafika Afrika, na wazee waliipokea kama mutoto wa nyumba. Wabemba wanaiita nkoko, Waluba nzolo. Mugeni wa heshima alichinjiwa kuku, na firigisi ilikuwa ya baba.

Kijijini kuku ililala mu jikoni karibu na moshi, ao mu kibanda cha miti na majani kilichosimama juu ya miguu. Mama alipoona mayai yamepakaa alama za damu, ao kuku inakataa kuingia jioni, hakuanza na kuku, alianza na nyumba. Alitoa majani yote ya kiota, akayachoma, akamwanga majivu mapya fasi ya kulala. Wengine waliweka majani ya tumbako chini ya mayai. Kama kibanda kimejaa tududu, kilichomwa chote na kingine kikajengwa pembeni. Kibanda cha majani hakikuwa na bei kubwa.

2. Tududu twenyewe

Vitabu vya Kiswahili vinatuita utitiri. Wazungu wa lugha ya Kifaransa wanasema “chawa nyekundu”, na jina hilo linadanganya. Chawa iko na miguu 6 na inaishi juu ya mwili wa kuku muchana na usiku. Kadudu haka kako na miguu 8, ni ndugu ya kupe, na makao yake ni nyumba, si kuku. Muchana kanajificha mu nyufa za mbao na ukuta. Usiku kanapanda, kananyonya damu kwa muda mufupi, kanarudi. Mbele ya kula ni ka kijivu, kakishashiba ni kekundu. Urefu wake haupiti sana milimeta 1. Mu joto, yai linaweza kuwa kadudu kakubwa kwa siku 7 hivi, na bila damu kanaweza kungoja miezi mingi. Ndiyo sababu mutu anauza kuku zote, anangoja miezi 2, ananunua zingine, na ugonjwa unaanza upya. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tunaelewa akili ya yule mama. Aliposhambulia kiota na kibanda, alimukuta adui kwake. Na majivu si uchawi: kavumbi kembamba kanaharibu mafuta yanayofunika ngozi ya kadudu, maji ya mwili inatoka, kanakauka. Kuku inayooga mu majivu inajitibu yenyewe. Juu ya tumbako, mwaka 2012 wachunguzi wa Mexico waliandika kwamba viota vya ndege za muji vilivyo na mabaki ya sigara vilikuwa na tududu kidogo kuliko vingine.

3. Kutoka kijiji mpaka lupangu

Union Minière iliundwa mwaka 1906, na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilianza mwaka 1910. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ilitaka wafanyakazi wakae kwa muda mrefu pamoja na mabibi na watoto. Watu wa Kasai, wa Ruanda-Urundi na wa fasi zingine wakakutana mu kambi za matofali. Wabelgiji walileta pia kuku za kizungu, kama Leghorn na Rhode Island, na kisha dawa za kupuliza. Nguvu ya DDT juu ya wadudu iligunduliwa mwaka 1939, na Mswisi Paul Müller alipata zawadi ya Nobel mwaka 1948. Watu wengi walishika wazo hili: dawa ya chupa ni maendeleo, majivu ni ya washamba. Lakini mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 yalifunga DDT, ikabaki paka juu ya wadudu wanaoleta magonjwa kama malaria.

Kisha zikaja siku nguvu. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka, mwaka 1991 uporaji ulipita, mishahara ikakatika. Mu miaka ya 2003 na 2004 Gécamines iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10.000. Familia nyingi ziligeukia bustani na kuku. Nyumba ya kuku ikajengwa na matofali ya kuokota, mbao za zamani na manjanja: nyufa fasi yote. Na nyumba ya matofali haichomwi. Hapo ndipo mila ilikatika: watu walianza kupuliza kuku, adui akalala salama mu ukuta.

4. Somo la mwaka 2017

Mu mwezi wa 7 mwaka 2017, habari ilitoka Ubelgiji. Fipronil, sumu iliyokatazwa juu ya nyama za kuliwa, ilichanganywa mu dawa iliyosifiwa kuwa ya mimea, kusudi kuua kadudu haka haka. Mayai mamilioni yalitupwa kule na Uholanzi. Kule kuna maabara ya kupima mayai. Lakini kwetu, mutu akinunua ku soko dawa ya mashamba mu chupa isiyo na jina, akapuliza kuku zake, nani atapima yai ambalo mutoto atakula asubuhi?

Tusiseme wazee walijua yote. Buba waliyoitumia kuvua inaua samaki, kwa hiyo isikaribie kisima. Petroli mu nyumba ya mbao ni moto unaongoja. Na majivu peke yake hayamalizi tududu twingi. Tuunganishe basi ya zamani na ya leo:

- kuchunguza usiku na taa, chini ya miti ya kulalia;
- kutoa majani yote na kuyachoma mbali na nyumba;
- kumwanga maji ya kuchemka mu nyufa, kisha kuziziba;
- kusimamisha miti ya kulalia mu makopo ya mafuta, isiguse ukuta;
- kuweka sanduku la majivu makavu na muchanga;
- kurudilia kila juma, sababu mayai yaliyobaki yatapasuka.

Kazi hii haiombi pesa nyingi, inaomba uvumilivu. Mabibi wazee walioona vibanda vya majani wanapungua kila mwaka. Tuwatume wanafunzi wetu kwao na daftari, waulize jina la kila jani na sababu yake, na waandike.