Njia ya Kushukia Same

Nilipokuwa mtoto huko Mbaga, baragumu likilia alfajiri tulijua ni msaragambo. Kila nyumba ilitoa mtu na jembe lake. Leo ndiva, kesho mfereji, siku nyingine njia ya kushukia bondeni: kufyeka, kuondoa mawe yaliyoporomoka, kuchimba michirizi ili maji ya mvua yasiikate. Hakuna aliyelipwa. Asiyefika alitozwa, nasi watoto tulimcheka.

Babu hakukosa hata siku moja kazi ya njia. Januari 1945 aliishukia na wenzake kwenda Same kupinga mbiru, kodi ya kukadiriwa mtu kwa mali yake. Maelfu walishuka kwa miguu kutoka milimani, wakapiga kambi pale makao ya wilaya, hawataki kurudi mpaka ifutwe. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakaandamana. Mwishowe mbiru iliondolewa. Profesa Isaria Kimambo aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1971; mimi naongeza habari ya njia tu. Babu alisema chakula chao kilishuka kwa njia hiyohiyo, vichwani mwa akina mama.

Siku hizi nakaa Same mjini, na zamu yangu nailipia fedha. Majuzi nilipanda kwa miguu kwenda msibani. Mahali maji yalipoikata njia, kijana alikuwa akipanga mawe peke yake.

“Shikamoo, mzee. Naomba unisogezee lile.”

“Marahaba,” nikasema, nikavua koti.