Mlango wa Mambo Msiige

Inasimuliwa Unguja kwamba tajiri wa Kiarabu aliyejenga nyumba ya Mambo Msiige pale Shangani katika Mji Mkongwe, mnamo 1850 hivi, alichanganya mayai kwenye chokaa ili kuta zishike, kisha jina likabaki kuwaonya wenzake wasithubutu kumwiga. Tangu 2015 nyumba hiyo ni sehemu ya hoteli ya kifahari ya Park Hyatt, na wapo wanaoitaja kama mali ya umma iliyoangukia mikononi mwa wenye fedha. Lalamiko hilo lina uzito, ila limesimama juu ya historia iliyokatwa nusu. Tukiifuata nyumba tangu mwanzo, tutaona kwamba kubadili kazi ndiyo desturi yake, na kwamba swali la maana ni nani aliyeruhusiwa kuvuka kizingiti chake katika kila zama.

Kwa miaka mingi, aliyeruhusiwa hakuwa mtu wa kawaida. Baada ya mwenye nyumba wakaja wamisionari wa Kianglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), waliohamia Unguja mwaka 1864. Katika miaka ya 1870 ikawa ofisi ya ubalozi mdogo wa Uingereza, na kazi hiyo ikaendelea hadi 1913, Zanzibar ilipohamishiwa chini ya Wizara ya Makoloni huko London. Kwa hiyo Agosti 1896, mizinga ya Waingereza ilipomng'oa Khalid bin Barghash kwenye kiti cha usultani kwa muda usiofika saa moja, hii ndiyo iliyokuwa nyumba ya dola iliyoamuru mizinga hiyo. Baadaye, kati ya 1918 na 1924, ikawa hospitali ya Wazungu, jina lililotosha kumjulisha Mswahili kwamba kitanda si chake. Ofisi za serikali zilifuata, lakini ni baada ya Mapinduzi ya 1964 tu ndipo serikali yenyewe ilipokuwa ya wananchi. Huo "umma" unaoliliwa, basi, ni sura moja ya mwisho katika kitabu kirefu.

Mtu atauliza: kwa nini sura hiyo isingeendelea? Jibu liko kwenye kuta. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Dari ikivuja, boriti huoza pale zinapoingia ukutani, na ukuta hupoteza kinachoushikilia. Ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea, nao huula ukuta kutoka ndani. Matunzo ya namna hii yanataka fundi wa chokaa na fedha kila mwaka. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililokuja kuwa makumbusho, lilibaki la umma. Sehemu yake kubwa iliporomoka Desemba 25, 2020, likiwa katikati ya ukarabati uliochelewa mno. Umiliki wa umma peke yake haushiki dari.

Hata hivyo, wakosoaji wana hoja mbili zisizofutwa na chokaa safi. Kwanza, hoteli haikuishia kwenye nyumba ya kale: jengo jipya liliinuliwa kando yake, na Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, iliyouorodhesha Mji Mkongwe mwaka 2000, ilieleza wasiwasi kuhusu ukubwa wake. Hapo kisingizio cha kuokoa urithi kinakwisha, kwa kuwa nyumba ya zamani haikuhitaji jirani mkubwa ili isimame, ingawa hesabu za mwekezaji huenda zilimhitaji. Pili, ofisi ya serikali, pamoja na urasimu wake wote, ilimpa mwananchi sababu ya kuingia bila kununua hata kikombe cha kahawa. Haki hiyo ilidumu miaka michache kuliko tunavyodhani, na uchache huo ndio unaoipa thamani. Anayekodisha nyumba hizi ni serikali, kwa hiyo sharti liko mikononi mwake: mkataba unaoweza kutaja kimo cha paa na aina ya plasta unaweza pia kutaja siku ambazo mlango utakuwa wazi kwa asiye mgeni wa hoteli.